Ravenna kwa siku moja: nilivyopanga saa na tiketi

Majengo 8 ya Ravenna, mji wa Italia, yaliyoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1996 kwa nje ni ya kawaida mno, mengi ni matofali matupu. Mali iko ndani, kwenye mozaiki (picha za vijiwe vya rangi) za karne ya 5 na ya 6. Ukifika nje ya saa yako mlangoni, umekosa. Ndiyo maana siku yangu niliipanga kwa kufuata milango, si ramani.

Wengi hukosea kwenye tiketi. Ile ya pamoja, ya dayosisi kuu, inakuingiza kanisa la San Vitale, kaburi la Galla Placidia (binti wa kaisari wa Roma), kanisa la Sant'Apollinare Nuovo, nyumba ya ubatizo ya askofu Neone na makumbusho ya askofu mkuu yenye kikanisa cha Sant'Andrea. Kaburi la Theodoric (mfalme wa Waostrogothi, kabila la Kijerumani), nyumba ya ubatizo ya Waario (Wakristo waliokana kwamba Yesu ni sawa na Mungu Baba) na kanisa la Sant'Apollinare in Classe ziko chini ya serikali. Huko tiketi ni nyingine.

Galla Placidia na Neone huingiwa kwa saa uliyochagua wakati wa kununua. Nilianza na saa ya Galla Placidia, mengine nikayapanga kuizunguka. Treni ya mkoa kutoka Bologna huchukua zaidi ya saa moja kidogo, na kutoka stesheni hadi San Vitale ni kama robo saa kwa miguu, kwa hiyo niliacha nusu saa nzima ya akiba.

Ndani ya Galla Placidia unapewa kama dakika 5 tu msimu wa wageni wengi, na madirisha ya alabasta hupitisha mwanga hafifu. Ukitoka juani na kuingia moja kwa moja, dakika mbili za kwanza huoni kitu. Dawa yake ni kusubiri kivulini na kuacha simu mfukoni, kwa sababu mwanga wa kioo chake huyarudisha macho mwanzo. Kila mtu huinua uso kutazama nyota za dhahabu kwenye kuba la buluu. Picha ya Yesu kama Mchungaji Mwema iko juu ya mlango ulioingilia, kwa hiyo geuka. (Galla mwenyewe alifariki Roma mwaka 450, jina la kaburi limebaki tu.)

San Vitale, iliyowekwa wakfu mwaka 547, iko hatua chache tu na haina haraka. Justinian, kaisari wa Bizanti, na mkewe Theodora wamekabiliana kwenye kuta za altare, ingawa Justinian hakuwahi kukanyaga Ravenna. Usisimame mahali pamoja: vijiwe vya dhahabu vimepachikwa kwa mshazari, ukisogea hatua mbili ukuta unawaka upya.

Sant'Apollinare Nuovo ilikuwa kanisa la jumba la Theodoric. Ukutani, upande wa kulia, tafuta picha ya jumba hilo. Baada ya utawala wake watu waliokuwamo walifutwa na mapazia yakawekwa mahali pao, lakini mikono kadhaa imesahaulika kwenye nguzo. Bila darubini ndogo ni rahisi kuikosa.

Kaburi la mshairi Dante halina malipo. Jirani yake, kanisa la San Francesco, tumbukiza sarafu ili taa iwake: chumba cha chini kimejaa maji kwa kuwa ardhi imedidimia, na samaki huogelea juu ya mozaiki.

Kaburi la Theodoric liko upande wa pili wa reli. Paa lake ni jiwe moja kutoka Istria, rasi iliyo ng'ambo ya bahari ya Adria, upana wake kama mita 10. Ndani ni patupu, isipokuwa beseni la mawe mekundu ghorofani. Dakika 20 zinatosha.

Classe niliiacha mwisho, kwa treni, dakika chache tu kusini mwa mji. Nyuma ya altare kuna mozaiki ya malisho ya kijani na kondoo 12. Treni zinazosimama hapo ni chache, kwa hiyo nilitazama ya kurudi kabla ya kupanda ya kwenda.