Dakika nne za Figaro: siku yangu katika fidla za pili

Saa moja asubuhi. Chai bado iko jikoni, metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, inagonga. Usiku wa leo tunapiga Le nozze di Figaro (Ndoa ya Figaro), opera ya Mozart, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, nami ni wa fidla za pili, kundi la pili la wapiga fidla, katika okestra ndogo hapa Vienna. Uvertura, muziki unaopigwa kabla pazia halijafunguliwa, ni dakika nne tu, lakini vipimo saba vya kwanza, yaani vile vipande vidogo vya mapigo, vinatoa jasho. Fidla, viola, chelo, besi na fagoti, ala ndefu ya kupuliza yenye sauti nzito, wote tunakimbiza noti zilezile, mbio kweli, kwa sauti ya chini kabisa. Okestra nyingi huwapima waomba kazi kwa ukurasa huu. Naanza polepole, upinde mfupi karibu na katikati, kisha naongeza kasi.

Saa tatu na nusu. Napita nyumba namba 5, mtaa wa Domgasse, alikokaa Mozart kuanzia 1784 hadi 1787 na kuandika opera hii. Siku hizi ni makumbusho. Wageni wengi hudhani opera ilionyeshwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Burgtheater wa sasa. Hapana: ule ukumbi wa tarehe 1 Mei 1786 ulikuwa kwenye uwanja wa Michaelerplatz, ukabomolewa 1888.

Saa nne, mazoezi. Mwongozaji anatusimamisha kipimo cha pili. "Chini zaidi." Tunarudia. "Bado." Mwenzangu tunayesoma naye noti ananionyesha upinde wake: unasogea upana wa vidole viwili tu. Namwiga, na mara nawasikia fagoti nyuma yetu, jambo ambalo sikuliweza tangu wiki ianze. Hapo ndipo utamu ulipo. Obo na honi, nazo ala za kupuliza, zinajibu, halafu tarumbeta na ngoma zinalipuka pamoja nasi sote, na mlipuko huo una nguvu kwa sababu tulinong'ona. Anayeanza kwa kelele amekwisha kuutumia.

Saa saba, supu na ubishi. Mozart aliwahi kuanza sehemu ya polepole katikati ya uvertura, akaifuta. Mwenzangu anaisikitikia. Mimi nasema alifanya vyema kabisa. Opera nzima ni ya siku moja: Figaro na Susanna, watumishi, wanataka kuoana, na bwana wao, kabaila mwenye cheo cha Count, anamtamani bibi harusi. Uvertura haina hata wimbo mmoja wa opera yenyewe, ila ina haraka ya siku hiyo. Ukiipumzisha, umeiharibu.

Saa kumi, usingizi kidogo, kisha nguo nyeusi.

Saa moja usiku. Tuko kwenye shimo la okestra, watu bado wanakohoa juu yetu. Mwongozaji hangoji, mkono unashuka, tunaondoka. Vipimo saba vinapita safi! Natabasamu huku napiga. Pazia linafunguka, Figaro anapima sakafu aone kitanda kitatosha wapi, na mbele yetu kuna sehemu nne za opera.

Ukiisikiliza, usizifuate fidla mwanzoni. Watafute fagoti.