Kuzungusha orodha kwenye Python: mwelekeo, baki na mwanachama anayejitoa

Chukua kikundi cha mchezo wa kuchangiana pesa hapa Moshi, watu watano, kila mwezi mmoja anapokea kisha anarudi mwisho wa foleni:

w = ["Manka", "Eliya", "Upendo", "Baraka", "Neema"]

Kuzungusha kushoto mara mbili ni mstari mmoja:

w = w[2:] + w[:2]

Sasa Upendo yuko mbele, Manka na Eliya wamehamia nyuma. Namba ikizidi urefu wa orodha, mfano 7, w[7:] inakuwa tupu na w[:7] inarudisha orodha nzima, kwa hiyo hakuna kilichozunguka na hakuna kosa lolote linaloonyeshwa. Anza na baki, yaani kinachosalia baada ya kugawanya: k = k % len(w), k ikiwa ni idadi ya hatua za kuzungusha. Orodha tupu itakataa kugawanywa kwa sifuri, hivyo ikague kwanza. Na k ikiwa hasi, kwenye Python -1 % 5 ni 4, lakini Java na C hutoa -1. Huko andika ((k % n) + n) % n, n ikiwa urefu wa orodha.

Kosa jingine: ndani ya fanksheni, w = ... huunda orodha mpya, na ile ya aliyeiita inabaki ilivyokuwa. Andika w[:] = ... ndipo orodha ile ile ibadilike.

Usizungushe kwa kurudia pop(0), inayotoa cha kwanza, na append, inayoweka mwisho. Kila pop(0) husogeza vyote vilivyobaki; orodha ya vitu 100,000 ikizungushwa mara 50,000 ni misogeo karibu bilioni 5. Tumia deque kutoka collections, foleni inayoongezwa na kupunguzwa haraka pande zote mbili, ila angalia mwelekeo: rotate(2) huenda kulia, kushoto ni rotate(-2).

Wengi hushauri usisogeze chochote, usome tu w[mwezi % len(w)], miezi ikihesabiwa kuanzia 0. Ni nyepesi kweli, na kwa orodha isiyobadilika naikubali. Kwa mchezo siikubali. Kwa orodha ile ya mwanzo, mwezi wa 6 amepokea Eliya, mwezi wa 7 ni zamu ya Upendo, maana 7 % 5 ni 2. Neema akijitoa katikati, 7 % 4 ni 3: anapokea Baraka, na Upendo amerukwa hivi hivi. Ugomvi wa pesa huanzia hapo. Hifadhi foleni yenyewe kwenye deque, ita rotate(-1) baada ya malipo kuthibitishwa, na anayejitoa mtoe kwa remove. Waliobaki hawapotezi zamu.