Njia ya ubao

Usiku huu kitanda kimeingia chumbani. Kimeingia vipande vipande kupitia mlango wa inchi 30, nikakifunga kwa boliti 12 huku wanangu wawili wamekaa sakafuni wakigombania nani alale juu. Ni dabodeka, nguzo za mninga na chaga za paini, yenye nafasi ya magodoro mawili ya futi 3 kwa 6. Sasa wamelala, mdogo ndiye yuko juu. Mimi nimerudi gereji kufagia, nikajikuta nimekaa kwenye stuli, ufagio umeegemea ukuta. Nimeona niandike kwanza.

Naiita gereji kwa mazoea tu. Hapa Kigamboni ukisema gereji watu wanafikiria mafundi magari, na miezi ya mwanzo walikuwa wanasimama getini na bajaji kuuliza kama tunatengeneza breki. Ni banda la gari lililojengwa pamoja na nyumba, kuta za tofali, bati juu, futi 10 kwa 18. Gari letu linalala nje chini ya mwembe. Mama watoto alikubali jambo hilo baada ya kumtengenezea kabati la jikoni, na namshukuru, maana bila ile ruhusa nisingekuwa na pa kusimama.

Kwa muda mrefu niliamini tatizo langu ni udogo wa chumba. Kila Jumamosi nilipanga upya. Meza niliihamisha ukuta huu hadi ule, nikapigilia misumari ya kutundikia misumeno, nikanunua makontena ya plastiki ya kuwekea skrubu. Ikapendeza. Lakini ukija ubao wa futi 12 kutoka Buguruni, umepakiwa kwenye kirikuu na kuvushwa darajani, kila kitu kinavurugika. Ubao hauwezi kugeuka ndani ya chumba chenye upana wa futi 10. Unaegemezwa pembeni, unaangusha randa, unazuia mlango, na nikitaka kuupasua naanza kuhamisha vitu nusu saa nzima.

Mwaka jana jambo hilo nusura liniumize vibaya. Nilikuwa napasua ubao wa paini kwenye msumeno mdogo wa meza, mtumba nilioununua Gerezani. Ncha ya mbele ya ubao ikagonga rundo la mbao lililokuwa ukutani. Nikaupindisha kidogo ili upite. Ubao ukabana jino la msumeno, lile duara la kukatia, kwa nyuma, na jino likaurusha kunirudia. Ulinipiga ubavuni, chini kidogo ya mbavu. Nilizima mashine, nikakaa chini, na mikono ilitetemeka kwa muda mrefu. Mwanangu mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu. Kwa wiki tatu sikuwasha ile mashine.

Aliyenirudisha kazini ni fundi mmoja mzee wa Keko. Nimekuwa nikimtembelea kwenye kibanda chake tangu nianze kujifunza, na chake ni kidogo kuliko changu. Alikuja siku moja kunijulia hali, akasimama katikati ya gereji, akazunguka polepole. Kisha akaniambia, "Mwalimu, wewe umepanga vyombo. Ubao je, unapita wapi?"

Nafundisha hesabu, kwa hiyo swali lile nililichukua na kalamu. Ubao wa futi 12 ukipasuliwa kwa urefu unahitaji futi 12 kabla ya jino na futi 12 baada yake. Jumla futi 24. Chumba changu kina 18. Kwa hiyo hakuna mpangilio wowote wa ndani ambao ungetosha, hata ningetoa kila kitu. Ila mlango mkubwa ukiwa wazi, uwanja nao ni sehemu ya karakana. Tukausukuma msumeno hadi jino likawa futi 12 na nusu kutoka ukuta wa nyuma, likitazama nje. Sasa ubao unaanzia ukuta wa nyuma, unapita kwenye jino, unatoka mlangoni na kupokelewa nje na stendi yenye kipande cha bomba kinachozunguka. Njia hiyo ni nyeupe. Haiwekwi kitu, hata ndoo. Nimeipigia mistari ya rangi sakafuni, na watoto wanajua kwamba mashine ikiwaka mistari ile haivukwi, ndani wala nje.

Baada ya hapo mambo mengine yalijipanga karibu yenyewe. Meza ya kazi niliipunguza miguu ili uso wake ulingane na uso wa msumeno, hivyo ubao mpana ukitoka kwenye msumeno unakuta pa kulala. Kimo chenyewe alinipimia mzee: simama wima, mikono ining'inie, meza ifike kwenye kifundo cha mkono. Ukipiga randa kwenye meza ya kimo hicho unasukuma kwa mwili mzima, na mabega hayalalamiki jioni. Meza ina magurudumu yenye breki. Kuta mbili za pembeni nimezipa reli za mbao zilizokatwa mshazari wa digrii 45, na kila kishikilia chombo kina mkato kama huo kwa nyuma, kwa hiyo kinaning'inia kwa uzito wake na naweza kukihamisha bila kutoboa ukuta tena. Mbao hazilali sakafuni siku hizi. Zinakaa juu kwenye kenchi, zimelazwa kwa urefu wa chumba.

Huko juu ndiko ninakotazama zaidi. Paini nyingi tunazonunua Dar zinatoka Mufindi na nyanda za juu kusini, na mara nyingi zinafika bado zina maji. Ukizishika unahisi ubaridi, na ukiinua ubao mmoja na mwingine wa kipimo kilekile unaona tofauti ya uzito. Mbao kama hizo ukizigeuza kitanda leo, baada ya miezi mitatu viungo vinaachia. Basi nazipanga juu kwa kuweka vipapi, vijiti vyembamba vya mbao, katikati ya kila tabaka, kila baada ya futi mbili, hewa ipite. Mafundi wana kanuni ya inchi moja ya unene kwa mwaka mmoja. Paini hukauka mapema kuliko hapo, hasa chini ya bati lenye joto, lakini mninga mimi siuharakishi. Na hata ukikauka, ubao haufi. Masika ukifika unanyonya unyevu na kutanuka kwa upana, kiangazi unasinyaa. Kwa urefu haubadiliki kiasi cha kuonekana. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini mbao pana za kichwani mwa kitanda sikuzibana kwa gundi pande zote. Zinakaa ndani ya mfereji, zina nafasi ya kupumua.

Bahari iko karibu, na chumvi haina huruma na chuma. Patasi iliyoachwa mezani Ijumaa, Jumatatu ina madoa ya kahawia. Nina kopo lenye kitambaa kilicholowa mafuta ya cherehani, na chombo hakirudi ukutani kabla hakijapanguswa. Uso wa chini wa randa naupaka mshumaa. Ni kazi ya dakika tano, mwanangu mdogo ndiye ameichukua na anaifanya kwa makini kuliko mimi.

Umeme ni soketi moja tu. Fyuzi ya plagi ni ampea 13, ambayo kwa volti 230 haifiki wati 3,000, kwa hiyo msumeno na drili haviwaki pamoja. Waya wa ekstensheni naukunjua wote kabla ya kuwasha mashine nzito, maana ukiwa umezungushwa unapata moto hadi plastiki inalainika. LUKU ikiisha katikati ya kazi, nachukua msumeno wa mkono. Nimegundua viungo vyangu vizuri zaidi, ulimi na tundu vya nguzo za kitanda hiki, nilivikata siku ambazo hapakuwa na umeme.

Vumbi nililidharau kwa miaka. Nilifunga kitambaa puani na kuendelea. Kisha nikasoma kwamba mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani ya pua. Nikakumbuka mafundi ninaowajua, wanavyopiga msasa siku nzima vifua wazi, nyusi zimejaa vumbi la mvule, na kukohoa kwao ambako sote tunakuchukulia kuwa ni sehemu ya ufundi. Linanisikitisha sana jambo hili. Sasa kupiga msasa nafanya nje, upepo wa baharini ukiwa mgongoni, na barakoa inayobana uso vizuri. Ndani nimeweka feni dirishani inayotazama nje. Watoto hawaingii hadi vumbi litulie. Mzee wa Keko nilimpelekea barakoa tano, anavaa nikiwepo.

Kuhusu vibanio sina vingi, vinne tu vya chuma, ni ghali. Vingine vyote ni tyubu za baiskeli zilizochanwa vipande virefu. Unazungusha tyubu juu ya kiungo ukiivuta, mzunguko juu ya mzunguko, na inabana kwa nguvu ambayo hutaiamini. Kwa fremu kubwa natumia kamba na kijiti cha kusokotea, pamoja na kabari pembeni. Nyumba ya tyubu hizo ni msumari mmoja ukutani.

Na majirani. Ukuta wangu wa kushoto unapakana na chumba cha mama mmoja anayelea mjukuu wake. Mwanzoni hakusema kitu, akavumilia. Siku moja nilipokwenda kumwomba radhi kwa kelele za grainda, akasema, "Baba, mtoto akilala saa saba mchana ndiyo na mimi napata kupumzika." Tangu hapo kuanzia saa saba hadi saa tisa mashine zimezimwa. Naweka alama, nanoa, napiga randa. Adhana ikisikika nanyamazisha. Baada ya Isha hakuna hata nyundo. Saa hizo zilizopungua nilidhani zitanichelewesha, lakini sioni kama zimenichelewesha.

Kitanda kimechukua majuma tisa. Kwa futi hizi 10 kwa 18 haiwezekani kuwa na kitanda na kazi nyingine kwa wakati mmoja, na watu wawili walioniomba meza niliwajibu wasubiri. Zamani nilikuwa na vitu sita vimeanzwa: stuli isiyo na kikalio, droo bila kabati, fremu ya picha ya marehemu mama ambayo ilikaa miaka miwili bila kona ya nne. Nilipofungua ile njia ya ubao, vile viporo vilikuwa vimekaa juu yake. Ilibidi ama nivimalize ama nivitoe. Fremu niliimaliza kwanza. Iko sebuleni.

Leo wakati wa kufunga boliti ya mwisho mwanangu mkubwa ndiye aliyeshika spana. Alikaza, akatikisa nguzo, akapanda juu na kulala chali, akanyoosha mkono kupima ukingo. Ukingo umepita godoro kwa inchi sita, nilihakikisha hilo kabla ya kukata hata kipande kimoja. "Baba, hauchezi," akaniambia. Kisha akashuka na kumpisha mdogo wake.

Sakafu iko wazi sasa kuliko nilivyoizoea. Maranda yamejaa kuzunguka miguu ya meza, na harufu ya mninga bado imo. Jioni jirani alikuja kuangalia kitanda, amembeba mjukuu mgongoni, akauliza kama inawezekana kupata kiti kidogo, cha mtoto anayejifunza kula mwenyewe. Nikamwambia ngoja nitazame. Nimetazama: juu kule kwenye kenchi, nyuma ya paini mbichi, kuna kipande cha mninga kilichobaki kwenye nguzo, kikavu, futi mbili na ushee. Kinatosha miguu yote minne.