Siku yangu moja: dagaa alfajiri, darasa la masoko asubuhi

Saa 10:30 alfajiri. Mama keshaamka, anafunga kitenge. Tunawahi daladala ya kwanza ya Igoma kwenda Kirumba, hapa Mwanza, maana soko la dagaa la Mwaloni ukichelewa unakuta mabaki. Na wiki hii ni mbalamwezi, dagaa zinavuliwa kwa taa, mwezi uking'aa hazijikusanyi kwenye taa, kwa hiyo mitumbwi mingi haijaingia ziwani na bei imepanda mpaka giza lirudi.

Saa 12 tupo Mwaloni. Kuna dagaa za mchangani na za chanja, yaani zilizoanikwa juu ya wavu, na za chanja bei yake imechangamka. Mama miaka yote ananunua za mchangani. Mi naingiza mkono mpaka chini kabisa ya gunia, natoa konzi, nasugua kwenye kiganja, halafu natafuna moja taratibu, jino likisaga kitu naacha. Leo tukachukua gunia moja la chanja na moja la mchangani, mama hajakubali bado.

Saa 3 niko darasani. Nasoma cheti cha masoko na mauzo, ada inatoka kwenye hizihizi dagaa so sikosi kipindi. Leo tulikuwa na zile P nne za masoko (kwa Kiingereza zote zinaanza na P), bidhaa, bei, mahali na promosheni, mwalimu akasema alizipanga Mmarekani E. Jerome McCarthy mwaka 1960. Halafu akatupa zoezi, andika neno la kwanza mteja wako analolisema akishika bidhaa, sio unalotaka wewe aseme. Nilikaa na hilo swali muda mrefu aisee. Sisi kila siku tunahangaika kupunguza bei, kumbe mteja hata hajafika kwenye bei, anauliza kwanza "hizi zina mchanga?"

Mchana wali maharage kwa mama ntilie, basi.

Saa 8 nikaingia mjini na pakiti zangu za robo kilo, sh 3,000 moja. Duka la tatu mama mwenye duka akanikatalia, "mwanangu dagaa za pakiti zilinitia aibu, wateja walinirudishia." Sikumbishia. Nikaomba sahani nyeupe, nikapasua pakiti moja nikamwaga yote mbele yake, nikazitikisa, nikazihamishia pembeni. Akapitisha kidole kwenye sahani, akakiangalia. Akachukua pakiti kumi kwa mali kauli, yaani alipe akishauza, nikaandika kwenye daftari tarehe na idadi akasaini. Zile nilizomwaga nikamwachia akapike.

Saa 1 usiku nyumbani tunafunga pakiti kwa moto wa mshumaa, nikamsimulia mama habari ya sahani. Hakujibu kitu. Akanyanyuka akachukua chekecheke, akachekecha lile gunia la mchangani lote, mchanga akaukusanya kwenye kopo na kuuweka kwenye mizani. Ulipita robo kilo. Akakaa anauangalia, "huu wote nimewauzia watu?" Nikamwambia mama, hukujua.

Saa 4 nikaweka picha ya sahani status, duka lile likaniandikia zimebaki pakiti nne. Kesho mama anataka tutoke saa 10 kamili, tuwahi za chanja kabla hazijaisha.