Linki umepata nyingi, sawa, lakini simu inalia?

Hapa Mombasa umeingia mtindo, mtu anauziwa kifurushi cha linki, yaani saiti nyengine ziweke linki za kuja kwenye saiti yake ili apande kwenye Google, halafu mwisho wa mwezi analetewa eksel ndeefu imejaa majina ya websaiti na ile DA (Domain Authority, alama ya nguvu ya saiti) imepakwa rangi ya kijani, basi mwenye hoteli anafurahi analipa. Mimi ripoti kama hizo huwa sizimalizi. DA ni namba ya Moz bana, kampuni nyengine kabisa, Google hawaitumii kupanga matokeo yao, na ile alama yao wenyewe ya PageRank walokuwa wakituonyesha kwenye tulbaa ya brauza waliiondoa 2016.

Mimi naanzia Search Console, chombo cha Google kinachokuonyesha watu wanaipataje saiti yako, ni ya bure. Chukua ule ukurasa ulopata linki, tuseme wa safari za dau, angalia watu wanaufikia kwa kutafuta maneno gani, na kwa maneno hayo umepanda ama umekaa palepale. Halafu tafuta ukurasa mwengine wa saiti hiyohiyo ambao haukupata linki hata moja. Zote mbili zikiwa zimepanda sawasawa, basi hapo kuna kitu chengine.

Na huku pwani hicho kitu chengine mara nyingi ni msimu tu. Jamaa anajenga linki Oktoba, Desemba watu wa bara wanashuka na SGR, wote wanatafuta hoteli za Nyali na Diani, trafiki inapanda yenyewe, naye anakuja kifua mbele eti kazi yake hiyo! Linganisha Desemba na Desemba ya mwaka jana, sio na Septemba, na Search Console inaweka data ya miezi 16 kwa hivyo hesabu hiyo utaiweza.

Kisha angalia kama kuna mtu anaifuata hiyo linki. Moja kwenye blogu ya wasafiri wanaokuja kweli, hata kama ni nofollow (imetiwa alama ya kuiambia Google isiihesabu), inaleta wateja, wakati zile mia za saiti ambazo hazina msomaji haziletei mtu chochote, na tangu Penguin, yale mabadiliko ya Google ya 2012 dhidi ya linki za ulaghai, linki za namna hiyo hata kukuangusha zinaweza. Anaekupigia WhatsApp kuulizia chumba muulize katupata wapi, uandike.

Sasa kama Search Console ya hoteli yako anaifungua huyo alokuuzia linki peke yake, dai uingizwe kama mwenyewe kabla hujamlipa ya mwezi ujao.