Nilivyowarudisha uwanjani watoto wanene waliokuwa wakikwepa michezo

Ninafundisha shule ya msingi jijini Dar es Salaam, na pamoja na masomo ya darasani nimekabidhiwa michezo. Wanafunzi wetu wengi huchukuliwa na basi la shule alfajiri, hushinda wamekaa darasani, kisha jioni hurudishwa kwenye fleti zisizo na uwanja, ambako kinachowangoja ni masomo ya ziada na televisheni. Si ajabu basi kwamba kila darasa lina watoto kadhaa ambao uzito wao umepita kiasi. Kilichonisumbua zaidi ya uzito wenyewe ni kwamba, siku ya michezo, ni hao hao walioumwa tumbo, waliosahau bukta nyumbani, au walioomba kubaki ndani kulinda mabegi.

Nilipofuatilia niliona kuwa hawakuwa wavivu, bali walikuwa wakikwepa kuaibika. Kipindi kilianza kwa manahodha wawili kuchagua wachezaji mmoja mmoja mbele ya wote, na mtoto mnene alibaki wa mwisho au akapelekwa golini eti kwa kuwa ataliziba. Zikifuata mbio, alimaliza peke yake huku wenzake wakimwita Bonge. Mizani nayo iliwekwa barazani, kilo zikatajwa kwa sauti ili anayeandika azisikie. Sijui ni mtu mzima gani angekubali kurudi mahali kama hapo kila wiki.

Nikaanza na hayo. Makundi sasa ninayapanga mwenyewe kabla ya kutoka darasani. Mbio za kushindana nimewaachia wanaojiandaa na UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi nchini. Urefu na uzito hupimwa ofisini, mtoto mmoja mmoja, na matokeo humfikia mzazi ndani ya bahasha. Jina la Bonge nililipiga marufuku, na waliochelewa kuliacha walikuwa walimu wenzangu kuliko wanafunzi.

Kisha nikatafuta michezo ambayo mwili mkubwa si mzigo. Katika kuvuta kamba mtoto mzito hugombewa, kwa maana kundi linalomweka mwisho wa kamba haling'oki kwa urahisi. Katika rede alianza kwa kurusha mpira, na alipokwisha kuzoea akaingia mwenyewe katikati kukwepa. Nguvu ya zoezi sikuipima kwa saa. Mtoto anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba anafanya vya kutosha.

Mvulana mmoja wa darasa la tano alikuwa akicheza vizuri, kisha anaketi ghafla na kukataa kuinuka. Nilimwita kando, mbali na wenzake, naye akaniambia kwa taabu kwamba mapaja yake husuguana mpaka yakachubuka, na jasho likifika hapo huwaka kama pilipili. Mama yake alimnunulia taiti ya kuvaa ndani ya bukta, akawa anampaka mafuta ya mgando asubuhi, na kuketi kukaisha.

Mama huyo huyo awali alinijia juu. "Mwalimu, mwanangu ana afya yake. Mnataka akonde watu waseme hatumlishi?" Nilimjibu, "Hapana mama, sitaki akonde. Bado anarefuka, na uzito ukisimama hapo ulipo huku kimo kikiongezeka, mwili utajirekebisha." Nilimwomba mambo mawili tu: asimlinganishe na ndugu zake mezani, na soda anayofungashiwa ageuziwe maji, kwani chupa ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30 za sukari. Kumnyima mtoto chakula sikukugusia kabisa. Anayenyimwa huanza kula kwa kujificha, na kula kwa kujificha huzaa huzuni ambayo mazoezi peke yake hayaiondoi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kiasi hadi ya nguvu. Ratiba yetu haina nafasi hiyo, lakini kwa kuwa dakika hizo si lazima zifuatane, watoto huruka kamba kabla ya kwenda mstarini, hucheza rede wakati wa mapumziko, na wazazi wameombwa kukamilisha jioni.

Yapo mambo ambayo siyashughulikii mwenyewe. Mtoto anayechechemea au kulalamikia nyonga na goti, anayekoroma sana usiku, au ambaye ngozi ya shingo yake imekuwa nyeusi na nene, ninamshauri mzazi ampeleke hospitali kwanza. Aliyejitenga na wenzake hata nje ya michezo ninamkabidhi kwa mwalimu wa ushauri nasaha.

Ninakosana na utawala kwa jambo moja tu, darasa la saba, ambao maandalizi ya mtihani wa taifa yamewamezea kipindi chote cha michezo. Mwalimu mkuu hajakubali kukirudisha. Ameruhusu kamba ziwekwe nyuma ya darasa lao, nao huzitumia kila mapumziko.