Pindo la inchi nne

Mie ni fundi cherehani hapa Chake Chake, na kumi la mwisho la Ramadhani huwa silali. Miaka minne nyuma, katika purukushani hizo hizo, nilimshonea binti yangu gauni la sikukuu. Alipolivaa, pindo la kulia limepanda, la kushoto linagusa kifundo cha mguu. Nikaulaumu mkasi. Nikafumua, nikashona upya, akavaa: vile vile. Nikachukua futi nikampima yeye mwenyewe, bega hadi kiuno, upande wa kulia umezidi inchi nzima. Kumbe gauni halina kosa. Akainama kuokota kifungo, nikaona mbavu za kulia zimetuna mgongoni kama mtu aliyeficha bakuli ndani ya nguo.

Mama yangu akatoa mafuta ya makonyo, akawa anamchua kila usiku. Jirani akasema mtoto kabebwa vibaya mbelekoni. Hayo sikuyashangaa. Linaloniuma mpaka leo ni kituo kimoja nilichompeleka, nikaambiwa "atanyooka akikua." Nikarudi kwenye cherehani yangu roho imetulia, mwaka mzima. Kumbe huko kukua ndiko kunakozidisha kombo la mgongo, na kwa watoto wadogo hivi miaka hiyo ndiyo ya kukimbilia hospitali, siyo ya kungoja.

Picha ya eksirei ya Dar ilionyesha mgongo umepinda nyuzi 52. Chini ya nyuzi 10 madaktari hawauhesabu kuwa ni ugonjwa. Akaingizwa kwenye MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, kutazamwa neva za mgongoni, zikaonekana salama, na pingili zake zote zimeumbika sawasawa. Sababu haikupatikana, na kwa watoto wengi ndivyo ilivyo. Kwa hiyo mbeleko ya bibi yake haina hatia. Nilimpigia simu mama siku ile ile kumwambia.

Nilikuwa na jambo moja tu kichwani: wamfungue, wamnyooshe, wamtie vyuma, tumalize. Daktari akatikisa kichwa. "Fundi, pingili nikiziunga leo hazikui tena. Atakuwa msichana mkubwa mwenye kifua cha mtoto wa miaka mitano. Mapafu yake yatakaa wapi?" Akaeleza kwamba mapafu bado yanaongeza vifuko vya hewa katika umri ule, yanataka nafasi. Mzee mmoja tuliyekaa naye benchi alininong'oneza kuwa tunazungushwa. Mie nilimfahamu daktari papo hapo. Nguo ya mtoto hushonwa na akiba. Gauni la darasa la kwanza naliwekea pindo la inchi nne, kila mwaka naachia kidogo.

Alianza kwa plasta gumu, kutoka kwapani hadi nyongani, akifungwa huku kalazwa kwa dawa ya usingizi, na kila baada ya miezi michache anabadilishwa. Lengo ni kuichelewesha operesheni. Plasta na kaskazi ya Pemba, jamani! Siku moja nilimkuta kaipenyeza rula yangu ya kukatia ndani ya plasta, anajikuna, macho kayafumba kwa raha. Nilipaswa kumgombeza. Nilitoka nje.

Alipofika miaka sita na nusu ikawa zamu ya vyuma. Ni viwili, vimeshikizwa kwa skrubu juu na chini tu, katikati mgongo umeachwa huru uendelee kukua. Kila miezi sita hivi anachanwa kidogo, vyuma vinarefushwa, anafungwa. Vipo vya sumaku vinavyorefushwa kutoka nje bila kisu, lakini bei yake siyo ya mtu wa cherehani.

Siku ya kutiwa vyuma aliingia asubuhi, akatoka alasiri. Walipomzindua wakamwambia achezeshe vidole vya miguu, maana hofu kubwa ya kazi hii ni neva. Nilivihesabu. Vyote kumi.

Mzazi unayesoma haya, neno langu la kifundi: shona magauni ya kufungua mbele kabla hamjaondoka nyumbani. Kwa wiki kadhaa kichwani hakipitishwi kitu, na kumwinua mikono ni kilio. Lengine, usidhani vyuma ni vya milele. Chuma kimoja cha binti yangu kilikatika. Hakuanguka wala hakupigwa, aliinuka tu kitandani akasema, "Baba, mgongo umelia." Tulishaambiwa mapema kwamba huchoka, kama waya unaokunjwa kila siku, na kwamba usaha nao ni wa kuogopwa. Niliambiwa, nikaelewa, na bado nililia usiku ule nikijifanya natafuta sindano. Kikabadilishwa.

Sasa ana miaka minane. Ataendelea hivi mpaka avuke kumi, mwili ukiwa umeshakua vya kutosha, ndipo pingili ziungwe kweli.

Keshokutwa tunapanda meli bandari ya Mkoani kwa safari nyengine ya kurefusha. Jana usiku nimeachia pindo la gauni lake la skuli. Pale ulipokuwa mkunjo kuna mstari, na chini yake kitambaa bado kibichi, buluu yake imekoza, hakijawahi kuona jua. Anasema wenzake watamcheka, anataka nimtilie lesi hapo juu. Skuli hawaruhusu lesi. Natafuta uzi wa buluu.